Chumba Kilichonyimwa Udi

Harufu ya udi haina kazi maabarani. Zein aliisikia alipofungua mlango baada ya kuswali adhuhuri, akadhani imemfuata kutoka msikitini. Akanusa kanzu yake. Ilinukia sabuni tu.

Hospitali hiyo ndogo ya Bondeni zamani ilikuwa nyumba ya tajiri mmoja, na chumba kilichofanywa maabara ndicho kilichokuwa cha jini wa nyumba. Kila Ijumaa kilifukizwa udi na kuwekewa kisahani cha halua, wala hakulala mtu humo. Tajiri alipokufa, wanawe waliuza. Wanunuzi wakapaka chokaa, wakatia rafu. Zein, mzaliwa wa Kuze, mtaa wa jirani, aliyajua haya yote tangu utotoni, lakini hakusema. Alikuwa ametoka kusomea kazi yake Nairobi, na aliona haya kuonekana mtu wa mashetani mbele ya Daktari Kioko. Haya hizo ndizo zilizomponza, maana jini ni mpangaji wa zamani, hafukuzwi kwa ndoo ya chokaa.

Siku hiyo Mwanaesha, dada yake wa pekee, alikuwa amelazwa wadi ya juu, tumbo limekaza kama ubao. Daktari Kioko alishuka mwenyewe na chupa ya damu.

"Pole, Zein. Nataka kipimo cha wanga upesi. Likiwa ni kongosho, kisu changu kitamuua. Kikiwa ni kidole tumbo kilichopasuka, nisipompasua sasa hivi atatufia."

"Kwa hiyo wanitegemea mimi?"

"Sina njia nyingine ya kujua."

Kipimo chenyewe Zein alikijua vizuri. Kongosho likiugua, kimeng'enya kinachoyeyusha wanga hufurika damuni. Unachanganya maji ya damu na maji ya wanga, unayaacha katika maji ya vuguvugu, kisha unatia aidini. Yakigeuka buluu, wanga umesalia na kongosho ni zima. Yasipogeuka, wanga umeliwa. Na kwa kuwa mate ya mtu yana kimeng'enya hicho hicho, mirija ya kuvutia kwa mdomo ilizibwa kwa pamba, na Zein alikuwa mkali kwa yeyote aliyezungumza akiinamia vichupa vilivyo wazi.

Aliweka kichupa cha Mwanaesha, na pembeni kichupa cha mtu mzima wa afya cha kulinganishia. Akangoja.

Udi ukazidi, ukamjaa kooni, na mlio wa mitalawanda, vile viatu vya mbao, ukaja ukumbini, ko, ko, ko, ukapita mlango, ukarudi, ukasimama, na Zein, aliyejua kwamba hakuna mtu wa hospitali ile avaaye mitalawanda, akabaki ameshika chupa ya aidini, asithubutu kugeuka, mpaka akasikia jina lake likiitwa kwa sauti aliyoijua kabla hajajua sauti nyingine yoyote duniani.

"Zein, mwanangu."

Alikuwa Bimdogo, mama yake, buibui limemfunika mpaka sakafuni.

"Mama! Umenitia hofu. Wasikia harufu hii?"

"Naisikia," akanong'ona. "Mwenye chumba yumo humu, na yuwaitaka damu ya mwanangu. Isomee, Zein. Isomee uivuvie, asiiguse."

"Mama, hii kazi haitaki..."

"Dada yako yuwafa, nawe waona haya kumtaja Mungu?"

Maneno hayo yalimchoma pale pale palipokuwa na kidonda. Tangu utoto Zein alisomewa na kuvuviwa kwa kila homa na kila mtihani, na hofu humrudisha mtu kwenye utoto wake. Akainamia kichupa cha dada yake. Bimdogo hakungoja kisomo. Zein alipotamka Bismillahi tu, mlangoni hapakuwa na mtu. Akasoma, akavuvia kwa rasharasha ya mate kama alivyovuviwa yeye, akarudia na kurudia. Moyo ukatulia. Alipotia aidini, kichupa cha yule mtu wa afya kikawa buluu. Cha Mwanaesha kikabaki na manjano hafifu.

"Ni kongosho," alimwambia daktari, na kisu kikawekwa kando.

Alasiri Mwanaesha alipoanza kupoa mikono, Daktari Kioko aliamua kumpasua kwa kubahatisha. Alikuta kidole tumbo kimepasuka na usaha umejaa. Mwanaesha alikufa kabla hajashonwa.

"Kongosho lilikuwa zima kabisa," daktari alimwambia Zein, glavu bado mkononi. "Ulipima nini, bwana?"

Ndipo Zein akakumbuka mate. Akaketi chini sakafuni, akalia kwa sauti, mtu mzima yule.

Matanga yalipoanuliwa, alimwendea mama yake akamshika miguu.

"Nisamehe, mama. Tusingeivuvia ile damu..."

"Damu gani?"

"Uliponijia maabarani. Uliponambia niivuvie."

Bimdogo akaacha kuvuta tasbihi.

"Mimi, Zein? Mkono wa Mwanaesha ulikuwa ndani ya mkono wangu siku ile mpaka alipopelekwa kupasuliwa. Hata swala niliswali pale pale ubavuni mwake. Muulize muuguzi Zilpah, ndiye alonitekea maji ya udhu. N'nani alokwambia?"

Zein akaitazama miguu aliyoishika.

Walimu wa Kuze walikwenda kukisomea kile chumba, wakasema jini ametoka. Huenda ni kweli. Lakini Zein hakurudi kazini, na watu husema jini huweza kuazima uso na sauti ya mtu, ila miguu humshinda, hubaki na kwato zake.

Kwa hiyo sasa Bimdogo, kila ampelekeapo mwanawe chai chumbani, hapigi hodi. Husimama kizingitini, akaweka kikombe chini, akainua nguo yake mwenyewe mpaka vifundoni, uso ameugeuza ukutani ili asionekane analia. Zein hutazama mguu mmoja, akatazama na wa pili. Kisha humwambia, "Karibu, mama."