Upepo wa Gari la Hilaria

Mwaka 1996, asubuhi moja ya Jumamosi, Hilaria alisimamisha gari dogo jeupe mbele ya kibanda cha matairi, jirani na soko la Mpanda. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na gari lile aliachiwa na marehemu baba yake miezi miwili tu iliyopita. Gauni lake la kitenge cha njano lilimkaa vizuri, na fundi aliyekuwa akinawa mikono alilitazama kuliko alivyolitazama gari.

"Kaka, nijazie upepo. Paundi arobaini na nne."

"Nani kakwambia arobaini na nne?"

"Imeandikwa kwenye tairi. Kwani mimi sijui kusoma?"

Fundi, jina lake Nyanda, alifungua mlango wa dereva akamwonyesha kibandiko kilichofifia. "Ile ya kwenye tairi ni ya mwisho, lisivuke hapo. Ya gari lako ni hii, ishirini na nane. Ukipakia mzigo, nyuma weka thelathini na mbili. Na upime tairi likiwa la baridi."

"Mbona unanifundisha kama mwalimu?"

"Kwa sababu unabisha kama mwanafunzi."

Hilaria alijitahidi asicheke, akashindwa.

Tangu hapo alikuja kila Jumamosi, maana Nyanda alimwambia upepo hupimwa kila wiki. Wakishapima, walikaa kwenye benchi wakitafuna karanga. Nyanda alimsimulia familia yake ilivyohama Usukumani na ng'ombe, ng'ombe wakafa, yeye akashika spana. Na Hilaria, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alimzungumzia baba yake bila kulia.

Theopista, aliyeshona naye kwenye kibaraza kimoja, ndiye aliyemtia shaka. "Shoga, huyo anakutolea upepo ili urudi. Wenye magari wengine mbona hawaendi kila wiki?"

Jumamosi iliyofuata Hilaria alimkabili mbele ya wateja. "Nyanda, unanitolea upepo makusudi?"

Nyanda aliinama, asijibu. Hilaria akaondoka na ukimya ule kama jibu.

Siku chache baadaye, akienda Sumbawanga kununua vitambaa, alijaza upepo kwingine, arobaini na nne kama alivyotaka mwenyewe. Barabara ilikuwa ya vumbi na kokoto, jua linachoma. Gari likarukaruka kama mbuzi. Kwenye kona moja mbele ya Sitalike liliteleza, usukani ukamshinda, likaingia kichakani. Aliteguka mkono. Alikaa kando ya barabara mpaka lori la kwenda Sumbawanga likampakia.

Kutoka posta ya Sumbawanga alipiga simu duka la Zubery, lililopakana na kibanda cha Nyanda, akaomba aitwe.

"Hilaria! Madereva wamesema gari lako liko porini. Uko mzima?"

"Mkono tu. Nilijaza arobaini na nne, matairi yakawa magumu, gari likateleza. Kumbe ulikuwa unaniambia kweli. Nisamehe, nilikutuhumu bure."



"Si bure kabisa. Upepo sijawahi kukutolea, Mungu ananiona. Lakini kila wiki haikuwa lazima. Mara moja kwa mwezi, na kabla ya safari ndefu, ingetosha. Ila mwezi niliuona mrefu."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niseme nakupenda mbele ya watu wote wale, nimekumbatia tairi la lori?"

Hilaria alicheka hadi karani akageuka. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nyanda, nilikuamini na uhai wangu. Usinidanganye tena, hata kwa jambo dogo."

"Sitarudia. Kesho nakuja kukuchukua, nikufikishe kwa mama yako. Na nikishafika pale, nataka nizungumze naye. Utaniruhusu?"

Hilaria aliibana simu begani, akaushika mkono uliokuwa ukimuuma.

"Kwetu kijana haji peke yake kwa maneno hayo," alisema taratibu. "Tafuta mshenga."