Mashine Aliyoigusa Chiriku

Kila alipotoka shule, Chiriku alibadili sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akaketi mezani na shangazi yake kufanya kazi za shule. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Shangazi alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Kwa wiki tatu alikuwa akiandaa maonyesho ya programu zake kwa ajili ya zahanati iliyotaka wagonjwa wapange zamu zao kwa simu. Ndani ya kompyuta yake alikuwa ameunda kompyuta nyingine ya kubuni, aliyoiita mashine pepe, na humo akaweka Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu. Alimweleza Chiriku kwamba programu ikizimika, msimamizi huyo huiwasha tena, kama kiranja asiyechoka.

Jumapili, shangazi alipokwenda sokoni, Chiriku alifungua mchezo wake kwenye kompyuta ile. Ukawa unakwamakwama. Alijua sababu: mashine pepe ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya kumbukumbu, ile nafasi ambayo programu hufanyia kazi. Akaizima, akaipunguzia kumbukumbu hadi robo, akaiwasha tena, akacheza kwa raha zake. Lango lilipolia, alifunga mchezo upesi na kushika kitabu.

Asubuhi iliyofuata, shangazi akiwa anafunga mkoba aende zahanati kwenye maonyesho, alimuuliza, "Umeigusa kompyuta?"

"Hapana, shangazi."

Shangazi alimwamini, akaondoka.

Alirudi mapema, uso umemshuka. Mbele ya daktari mkuu na wauguzi, programu zilizimika, zikawashwa, zikazimika tena, nusu saa nzima. Daktari alimshukuru kwa adabu, akasema kazi watampa fundi mwingine. Sasa shangazi alifungua daftari lake na kupitia mstari mmoja baada ya mwingine, akitafuta kosa lake.

"Labda kazi hii imenizidi," alisema taratibu.

 Chiriku angevumilia kukaripiwa, lakini si kumwona shangazi akijilaumu bure. Akasema yote huku machozi yakimtoka.

Shangazi alifungua kompyuta. Alirudisha kumbukumbu ilivyokuwa, na baada ya dakika chache programu zote zikasimama imara. Akampigia daktari simu, akamweleza. Daktari alimpa pole, lakini mkataba na fundi mwingine ulikuwa umeshatiwa saini.

Shangazi aliweka simu mezani, akamvuta Chiriku karibu.

"Kupunguza kumbukumbu lilikuwa kosa dogo, mwanangu. Ungeniambia asubuhi, ningelirekebisha kabla sijavaa viatu. Uongo wako ndio uliotuangusha, maana nilikwenda kule nikidhani kila kitu kiko sawa. Siku nyingine ukiharibu kitu, niambie papo hapo, hata kama unaogopa. Nitakukaripia, ndiyo, lakini nitajua pa kuanzia."