Ongea, Wakati Inapita

Siku waliyokutana, Cibalonza alikuwa ameshachoshwa na maneno ya watu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha simu katika posta ya Bukavu, na tangu asubuhi hadi saa kumi masikio yake yalijaa mapenzi ya wengine. Alijua jinsi watu wanavyozimaliza dakika zao tatu: moja ya "allo, unanisikia?", moja ya kusalimia ukoo mzima, na ile ya mwisho, laini inapoanza kukwaruza, ndipo mtu anakumbuka kusema kwamba anapenda. Yeye mwenyewe, na miaka yake ishirini na saba na chumba chake cha kupanga kule Nyawera, hakuwahi kuambiwa neno hilo na mwanamume yeyote. Alilitamani sana.

Jumatatu hiyo foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kijana mmoja mrefu, shati lake limetapakaa rangi ya buluu mpaka kwenye kola, aliomba misheni ya Kalehe, akaingia kibanda cha pili. Cibalonza akaunganisha, akasikiliza kama laini imeshika. Kimya huku, kimya kule. Dakika ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza.

"Citoyen, ongea," akamwambia, kwa lile neno la serikali la kumwita kila mwananchi. "Wakati inapita."

"Tunaongea, maman," kijana akajibu taratibu.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Cibalonza akamdadisi, naye akaeleza kwa shida kwamba baba yake alizikwa wiki iliyopita, na upande wa pili alikuwa mama yake, ambaye kama yeye si mtu wa maneno. Walitaka tu kusikilizana pumzi. Cibalonza alikwenda nyumbani na jambo hilo kichwani.

Kijana aliitwa Évariste, mchoraji wa kuta za maduka na baa za Kadutu. Akaanza kuja posta bila kuwa na wa kumpigia. Aliingia kibanda cha pili, akainua simu, na Cibalonza, aliyekaa hatua tano tu kutoka pale, akajikaza asicheke.

"Unataka laini ya wapi, citoyen?"

"Ile ya karibu."

Jumapili walitembea kando ya ziwa. Cibalonza alivaa kitenge chake cha kijani na blauzi ya mikono mipana, akanukia sabuni, akangoja. Évariste alimtazama weee, kisha akasema "Agnès", jina lake la ubatizo, ambalo serikali ilikuwa imeliondoa kwenye karatasi pamoja na majina ya Wakristo wote wa Zaïre. Basi.

Bibiane, mwenzake wa kazini, ndiye aliyeleta habari mbaya. Alimweleza kwamba kwenye baa ya Papa Gérard kuna mamba muntu mpya ukutani, na sura ni ya Cibalonza kabisa, hata ule mwanya wa meno. Kila mtu mjini anamjua mamba muntu, mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, anayempa mwanamume utajiri kisha akala ndugu zake mmoja mmoja. Kufikia saa sita posta nzima ilikuwa ikimcheka. Cibalonza hakwenda kuitazama, maana yeye hakuwa mwanamke wa kuonekana baa. Alipanda Kadutu, akamkuta Évariste njiani na makopo yake ya rangi.

"Mimi ni nani kwako?" akamuuliza. "Sema leo."

Évariste akafungua kinywa, akakifunga.

"Uende uone," akasema.

"Sitaki kuona. Nataka kusikia."

Hakusikia kitu. Baada ya wiki moja aliambiwa kwamba Évariste ameteremka Uvira, kupamba kanisa la parokia.

Miezi minane Cibalonza alikula peke yake, akalala peke yake, akaunganisha wapendanao wa watu. Kitenge cha kijani alikifungia sandukuni. Mtu alipoomba laini ya Uvira, alisikiliza zaidi kidogo kuliko sheria inavyoruhusu, labda atasikia mtu asiyesema. Upweke ulimkondesha mpaka Bibiane akaacha utani.

Ndipo Papa Gérard mwenyewe akaja posta. Alisema baa ameiuza, kesho asubuhi kuta zote zinapakwa chokaa. Halafu akainama dirishani.

"Sura yako aliimaliza siku moja, mwanangu. Ule mutu wa pembeni alimufanyia wiki tatu."

Cibalonza hakujua kwamba kuna mtu wa pembeni.

Saa kumi aliingia baa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na walevi wawili wakageuka kumtazama. Ukutani maji yalikuwa ya Kivu hasa, yale ya asubuhi ya mawingu. Mwanamke wa majini hakushika nyoka kama mamba muntu wa kuta nyingine. Kichwani alivaa visikilizio kama vile Cibalonza anavyovaa posta, na waya wake ulizama ziwani ukaibukia ukingoni, mikononi mwa mtu mdogo mwenye shati lililotapakaa buluu. Mtu huyo alikuwa na macho, alikuwa na masikio makubwa, na chini ya pua hakuwa na kitu. Pale pa kinywa ukuta ulikuwa umekwanguliwa, ukapakwa, ukakwanguliwa tena, mpaka udongo ulionekana. Cibalonza akaweka kidole kwenye lile shimo, akalia mbele ya walevi bila haya.

Jioni ile ile alituma taarifa parokia ya Uvira: Évariste aitwe kwenye simu, kesho saa nne. Kesho ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alivaa kitenge cha kijani, akasimama kwenye foleni na wengine, akaingia kibanda cha pili. Bibiane akaunganisha. Kule Kadutu, wakati huo, chokaa ilikuwa imeshafika kwenye mkia.

"Nimeiona," alisema Cibalonza.

"Agnès." Sauti ilikuwa mbali, imepasuka. "Nitakuya mardi, na camion."

Jumanne, na lori. Baada ya hapo neno lenyewe la kupenda halikuja, naye hakulidai. Alikibana kile chombo sikioni kwa mikono miwili, akasikiliza pumzi za Évariste zikipanda na kushuka, dakika ya pili ikaisha, ya tatu ikaanza.

"Citoyenne," Bibiane akaingilia, "muongee basi. Wakati inapita."

"Tunaongea, maman," alisema Cibalonza.