Ejo Gani?

Probox nyeupe ilikata kona ya Mutaho bila kupunguza mwendo.

Latifa akaifuata. Hilux ikayumba, ikakaa sawa. Kwenye kiti cha pembeni, mtambo wa kunasia mawasiliano ulikuwa umeshamnasa dereva wa Probox akiongea kwenye redio yake. Mchana kweupe, barabara tupu, adui mbele. Mpelelezi angetaka nini zaidi?

Kisha Latifa akalala.

Alipofungua macho, Hilux ilikuwa ndani ya shamba la mihogo, na mzee mmoja mwenye baiskeli alikuwa amesimama kando ya barabara akimtazama kwa huruma. Probox haikuwepo.

Simu ikaita. Alikuwa Venansi, mkuu wake.

"Umempata?"

"Nimemupoteza, shefu."

"Umempotezaje?"

"Nimelala."

Venansi hakuwa mtu wa kufoka. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania akiongea Kiswahili tu, akarudi Burundi akiwa mtu mzima, na alishazoea kuona mambo yakiharibika taratibu.

"Rudi Gitega," akasema. "Leo tunachagua. Peke yetu hatuwezi tena."

Ni kweli hawakuweza. Kitengo kizima kilichotakiwa kuziba njia za bunduki kutoka mpakani kilikuwa na watu watatu: Venansi wa kuamuru, Latifa wa kufukuza, na Longino wa kusikiliza redio, ambaye masikio yalikuwa yamemuuma mpaka akalazwa. Wakubwa wakakubali, kwa mbinde, itafutwe kampuni ya nje ya kusaidia kusikiliza. Itakayoshinda ingekabidhiwa masafa yote ya redio, pamoja na majina ya watoa habari wa Muyinga.

Hilo la majina ndilo lililomkaa Latifa kooni. La kwanza lilikuwa la mama Imelda, muuza ndagala, yaani dagaa, wa soko la Gashoho. Likifika kwa mtu mbaya, mama huyo hamalizi wiki.

Zikaja kampuni mbili. Mtihani ulikuwa mmoja: kusikiliza sauti iliyonaswa kwenye Probox asubuhi ile na kueleza maana yake.

Akaanza Gaudensia, mwanamke mnene ambaye kampuni yake haikuwa na hata kibao mlangoni. Akavaa vipokea sauti. Dereva akasikika, Kiswahili kimechanganyika na Kirundi: "Mzigo ya ejo ni nyuma ya soko ya Gashoho. Njia ni ileile."

Gaudensia akavivua. "Ejo gani?"

Venansi akashusha pumzi. "Mama, sisi ndio tunakuuliza wewe."

"Na mi ndiyo nawauliza. Hapa haisemi. Mi siwezi kubahatisha."

Akafuata Ilyasi wa kampuni ya Macho Manne. Suti ya kijivu, kompyuta mbili, drone ya DJI ndani ya sanduku lake, redio ya Motorola kiunoni. Alisema amezaliwa Gashoho, hakuna uchochoro asioujua. Akasikiliza mara moja tu.

"Bon, hii haina shida," akasema. "Ni mzigo ya jana. Imeisha kupita. Musijisumbue, mulale kidogo."

Mulale kidogo! Latifa nusura amkumbatie.

Venansi akampa Ilyasi mkono papo hapo, na Latifa hakupinga. Uchovu ni kitu kibaya. Humfanya mtu mwenye akili zake ampende yeyote anayemletea mto.

Asubuhi iliyofuata Hilux ilikuwa imeshaiacha Karuzi nyuma, ikipanda kuelekea Gashoho. Ilyasi alikaa pembeni akitafuna ubani, Motorola mapajani. Kazi ya siku ilikuwa nyepesi: kumkutanisha na mama Imelda, uso kwa uso.

Simu ya Latifa ikaita. Alikuwa dada yake Fatuma, kutoka nyumbani kwao Nyamugari.

"We Latifa! Mama anauliza dawa yake ya ejo."

"Ejo gani?"

"Ya jana, kwani iko ingine? Ulisema utaleta, hukuleta."

"Pole, dada. Nitaleta."

Akakata simu. Kisha vidole vikamkaza kwenye usukani.

Ejo gani. Lilikuwa limemtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu. Kirundi kina ejo moja tu, ya jana na ya kesho. Kitenzi ndicho kinachokutoa gizani, na watu wakichanganya na Kiswahili, kitenzi huanguka njiani. Ukibaki na ejo tupu, unauliza. Mama yake huuliza. Watoto wa shule huuliza. Gaudensia aliuliza. Venansi, mtoto wa kambini, hakujua hata kwamba kulikuwa na cha kuuliza.

Na Ilyasi, mzaliwa wa Gashoho, hakuuliza.

Hakuwa na haja. Aliujua mzigo.

Tena kama kweli ungekuwa wa jana, kulikuwa na sababu gani ya kuwabembeleza walale? Ulikuwa wa kesho yake. Yaani leo, nyuma ya soko. Na Latifa, mpelelezi hodari wa Gitega, alikuwa anamwendesha muuaji mpaka mbele ya meza ya mama Imelda.

Aliogopa. Aliogopa kweli. Lakini akampigia Venansi kwa sauti ya kawaida kabisa, jicho moja kwa Ilyasi.

"Shefu, ile ejo ni hazaza."

"Hazaza ndiyo nini?"

Venansi hakuelewa.

Ilyasi alielewa: hazaza ni ejo inayokuja, kesho.

Mkono wake ukazama ndani ya koti. Latifa akakanyaga breki kwa nguvu zote. Ilyasi alikuwa hajafunga mkanda. Paji la uso likapiga dashibodi, bastola ikamponyoka ikaanguka miguuni. Alipoinua kichwa, Makarov ya Latifa ilikuwa imeshafika sikioni kwake.

"Latifa? Latifa!" Simu ilikuwa bado inaita jina lake.

"Niko, shefu. Ejo ni jana. Tena ni kesho."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Mungu wangu. Sasa watu wanaishije na neno kama hilo?"

"Tunauliza. Tuma polisi ya Muyinga nyuma ya soko ya Gashoho. Mzigo ni ya leo."

Akaiokota bastola ya Ilyasi, akamfunga pingu kwenye mshikio wa mlango, akaendesha.

Walipofika nyuma ya soko, Motorola ikakwaruza.

"Macho, Macho. Njia iko sawa?"

Latifa akabonyeza kitufe, akamwekea Ilyasi redio mdomoni na bastola shingoni. "Jibu."

"Iko sawa. Pita."

Fuso ikaingia polepole, imejaa magunia ya maharage. Latifa akaiziba njia kwa Hilux. Dereva akatafuta rivasi. Nyuma yake kulikuwa na Land Cruiser ya polisi. Akaruka chini, akakimbia, akateleza kwenye matope ya machinjioni akaanguka kifudifudi. Hakuna risasi iliyopigwa. Chini ya maharage zilikutwa bunduki zimefungwa kwa nailoni, bado zina mafuta.

Polisi wakampakia Ilyasi pamoja na suti yake. Venansi akapiga tena, sauti imechoka.

"Nimezungumza na Gaudensia. Anakubali, ila ana sharti. Anataka aruhusiwe kusema hajui."

"Mumupe."

"Nimempa. Nimemwomba radhi pia."

Latifa akaficha bastola, akaingia sokoni kama mteja yeyote. Mama Imelda alikuwa nyuma ya meza yake, anafukuza nzi kwa kipande cha boksi.

"Mwanangu, umekonda! Kula basi," akasema, huku akipima ndagala. Kisha akainama. "Nani yule bwana wa suti waliyemchukua polisi?"

"Mutu alikuwa anatafuta kazi kwetu."

"Mmempa?"

"Hapana."

Mama Imelda akacheka, akaongeza kiganja kimoja cha ndagala za bure, akazifunga kwenye gazeti. Latifa alitaka kumshika mkono, aushike tu, na kulia palepale mbele ya watu. Hakulia. Akalipa, akavaa miwani ya jua, akatembea bila haraka katikati ya soko. Nyuma yake mama Imelda akaendelea kuita wateja kwa sauti kubwa, nzima, isiyo na habari.