Kifasiri Kinachouliza Kama Umekula

Kidude kisichozidi punje ya hindi kilikuwa sikioni mwa Tusekile, kikiyapokea maneno ya Bwana Ilmari kutoka Ufini na kuyatoa kwa Kiswahili papo hapo. Jiji zima la Tukuyu lilikiita kifasiri. Aliyekibuni ni Tusekile mwenyewe.

Mumewe, Gwamaka, alikuwa fundi mitambo katika chombo cha Wafini kilichokwenda kuchimba barafu kwenye mwezi mmoja wa Zohali. Tangu masika chombo kilikuwa kimya. Kila Ilmari, msimamizi wa safari, alipopiga simu, alitumia neno lile lile: palannee. Wafini huitia shaka ndani ya kitenzi chenyewe. Kipande kidogo tu, na "atarudi" inakuwa "yamkini atarudi", si ahadi wala si kanusho. Hata kwao neno la namna hiyo limebaki zaidi kwa watangazaji wa habari. Tusekile alilala nalo, akaamka nalo.

Leo Ilmari alisema kwa ufupi. Nyuma ya kifasiri Tusekile aliisikia sauti yake halisi, na palannee hakuisikia.

"Bado tunatafuta," kifasiri kikasema. "Huenda atarudi."

"Anasemaje, wifi?" akauliza Subilaga, dada wa Gwamaka, akipakua ndizi.

"Huenda atarudi."

"Basi tumshukuru Mungu."

Kisha kifasiri kikaongeza kwa upole, "Dada, umekula? Uko na nani hapo?"

Tusekile akaganda. Ilmari hajawahi kumwuliza habari ya chakula. Maswali hayo aliyatia yeye kwenye mashine, kwa kuwa kwao Tukuyu msiba haubwagwi tu mbele ya mtu: mfiwa huambiwa mgonjwa kazidiwa, hulishwa, hutafutiwa wa kumshika, ndipo huambiwa. Wakubwa zake kazini walimsifu sana, wakasema mashine hii ina utu.

Angeweza kukivua, amwulize Ilmari kwa Kifini chake cha kuokoteza. Lakini amwulize nini, ilhali mwenyewe ameshajua?

"Sijala," akajibu. "Niko na wifi yangu."

"Kula kidogo kwanza, dada. Tunakusubiri."

Ilmari naye alikuwa kimya, kama aliyeombwa angoje. Subilaga akaleta sahani. Tusekile akala. Akazitafuna ndizi polepole mno, maana sahani ikiisha kifasiri kitamwambia.