Kaka Asajile Anageuza Shingo

Huyu ni Subilaga. Ana miaka sita na pengo moja mbele. Nyumbani wanamwita Subi.

Subi anakaa Tukuyu. Huko Tukuyu mvua haipigi hodi. Inakuja tu. Ta-ta-ta-ta juu ya bati!

Subi ana kaka mkubwa, anaitwa Asajile. Asajile anacheza mpira. Si mpira wa uani, jamani. Mpira wa kwenye televisheni!

Anacheza mbali, mjini, katika timu ya Mapambazuko. Jezi yake ni ya bluu, namba nane. Yeye ni kiungo. Kiungo anacheza katikati. Anapokea mpira kwa wenzake wa nyuma, anawapa wenzake wa mbele.

Mwaka wa kwanza alikaa benchi. Alikaa, akakaa, mpaka Subi akadhani kukaa benchi ndiyo kazi yake. Mwaka huu anacheza.

Jumapili Subi alikwenda kwa jirani, kwa kina Gwamaka. Wao wana televisheni. Sebule ilijaa watu. Subi akakaa chini kabisa, mbele kabisa.

"Yule pale!" alisema. "Namba nane! Kaka yangu!"

Ageuza shingo kulia.
Ageuza shingo kushoto.
Mpira waja. Pu! Mpira waenda.

Mpira ukaenda kwa namba tisa. Namba tisa akapiga. Gooooo!

Sebule nzima iliruka. "Namba tisa! Namba tisa!" Hata Mama Gwamaka aliruka, na chai ikamwagika.

Hakuna aliyesema namba nane. Hata mmoja.

"Kaka yako hafungi," alisema Gwamaka. Gwamaka ana miaka saba, na anajua kila kitu. Yeye mwenyewe anasema hivyo.

"Anatoa pasi," alisema Subi.

"Na mbona anageukageuka? Kulia, kushoto, kulia. Kama kuku anayevuka barabara! Anaogopa huyo."

"Haogopi!"

"Anaogopa!"

"Haogopi!"

Subi alirudi nyumbani kwenye tope. Chwa, chwa, chwa. Alikuwa na hasira. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine.

Je, kama anaogopa kweli?

Moyo ulimuuma. Subi alitaka sana kaka yake awe shujaa.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. "Mama, Kaka Asajile anaogopa?" aliuliza Subi.

Mama aliacha kumenya. Akatabasamu kidogo. "Anakuja Ijumaa, timu imepumzika. Utamuuliza mwenyewe."

Subi alingoja Jumatatu. Alingoja Jumanne. Jumatano ilikuwa ndefu kuliko zote.

Ijumaa, hodi! Kaka Asajile mlangoni, na begi lake, na miguu yake mirefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu nyumbani."

"Shikamoo, kaka," alisema Subi. Wakakaa kula. Swali lilikuwa limemkaa kooni. Hata ndizi hazikupita.

"Subi, mbona huli?" aliuliza Asajile.

Basi swali likatoka lenyewe. "Kaka, ukiwa uwanjani, unaogopa?"

Asajile aliweka kijiko chini. Alijikuna sikio. Alifikiri kwanza.

"Ndiyo," alisema. "Niliogopa. Niliogopa sana."

Macho ya Subi yakajaa machozi. Kumbe Gwamaka alisema kweli!

"Niliogopa usije ukaanguka," alisema Asajile.

"Mimi?"

"Wewe."

Mama aliinuka taratibu. Akaenda chumbani, akarudi na kitenge. Kitenge cha njano, kimechakaa, kina tundu pembeni.

"Mama alikuwa anakwenda kuchuma chai," alisema Asajile. "Mimi nikitoka shule, nakulea. Ulikuwa mdogo hivi. Nakubeba mgongoni kwa kitenge hiki. Na wenzangu wanacheza mpira pale chini. Nawasikia. Pu! Pu! Pu! Miguu inaniwasha!"

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kucheza."

"Na mimi?"

"Na wewe! Mgongoni!"

Subi alicheka, huku shavu bado limelowa.

"Lakini mtu mwenye mtoto mgongoni hagongani na watu," alisema Asajile. "Kwa hiyo naangalia kwanza. Kulia, nani anakuja? Kushoto, nani anakuja? Na Subi je, amelala? Mpira ukifika, nautoa haraka, kabla hawajatufikia."

Ageuza shingo kulia.
Ageuza shingo kushoto.
Mpira waja. Pu! Mpira waenda.

"Wenzangu walinicheka. Waliniita Yaya. Wewe ukakua, ukashuka mgongoni. Lakini shingo yangu ilikuwa imeshazoea. Siku moja akaja mwalimu wa timu. Akaniuliza, kijana, nani alikufundisha kutazama hivyo? Nikamwambia, mdogo wangu. Akasema, nataka kumwona huyo mwalimu. Nikamwambia, alinifundisha kabla hajaota meno."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Subi akagusa pengo lake kwa ulimi. Na ndizi zikapita, sahani nzima.

Asubuhi mvua ilikatika. Watoto wote wa jirani walifika uani. Gwamaka alikuja mbele, na mpira kwapani.

"Kaka Asajile, tucheze! Leo nitakunyang'anya mpira!"

"Karibu," alisema Asajile. "Lakini subiri. Subi, njoo."

Akainama. Mama akamfunga Subi mgongoni kwa kitenge cha njano. Subi amekuwa mkubwa. Miguu ilining'inia mpaka magotini kwa kaka. Gwamaka alicheka hoi.

"Shika vizuri," alisema Asajile.

Kutoka juu pale, Subi aliona uwanja wote. Alimwona Gwamaka anakuja mbio, kama ng'ombe aliyekata kamba.

Shingo ya kaka ikageuka kulia. Ikageuka kushoto. Jicho lake likamfikia Subi, likamtazama kidogo tu.

Mpira ukaja. Pu! Mpira ukaenda.

Gwamaka alifika. Hakukuta mpira. Alikuta tope. Pwaa!

Alijaribu tena. Pwaa! Akajaribu tena. Pwaa! Na Subi hakutikiswa hata kidogo.

Gwamaka alikaa kwenye tope, akafikiri. Ni mara chache Gwamaka anafikiri, kwa hiyo tumwache kidogo.

"Kumbe anajua ninakuja kabla sijafika," alisema.

"Anatazama," alisema Subi.

"Haogopi?"

Subi naye alifikiri. "Anaogopa kidogo," alisema. "Ndiyo maana anatazama."

Jumatatu Kaka Asajile aliondoka. Subi alilia. Ni kweli, alilia, na Mama pia. Lakini kitenge cha njano kilibaki.

Jumapili sebule ya kina Gwamaka ilijaa tena. Subi alikaa chini kabisa, mbele kabisa. Kitenge mabegani.

Yule pale. Namba nane.

Ageuza shingo kulia.
Ageuza shingo kushoto.

"Anatafuta nini tena?" aliuliza Mama Gwamaka.

"Anaangalia kama nimelala," alisema Subi. Akasogea karibu na televisheni, akanong'ona, "Bado, kaka. Niko macho."

Mpira waja. Pu! Mpira waenda.

Gooooo!

"Namba tisa! Namba tisa!" sebule nzima ilipiga kelele.

"Namba nane!" alipiga kelele Gwamaka, peke yake, mpaka sauti ikamkauka. "Namba naneeee!"

Jioni mvua ilirudi bila hodi. Ta-ta-ta-ta juu ya bati. Subi alipanda kitandani. Mama akamfunika kwa kitenge cha njano, akatembea polepole mpaka mlangoni.

Mlangoni Mama akasimama.

Akageuza shingo.

Subi amelala.