Alipokata Thabiti

"Iweke tusikie," alisema mjomba Kilian. "Kama dada yangu aliridhia, aseme mwenyewe."

Ilikuwa siku ya kuondoa matanga, nyumbani kwetu Liuli. Mchumba wangu Thabiti alikaa mkekani, simu mkononi, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa na huzuni ya mama, lakini kwa upande wa ndoa moyo ulitulia. Nilijua leo yanakwisha.

Mjomba aliapa hataniozesha kwa Mwislamu, labda mama aseme. Na mama, siku chache kabla hajafariki, alinishika mkono.

"Winifrida, kuhusu wewe na Thabiti nimeshasema yangu yote. Yamo kwenye simu yake. Mtayasikiliza pamoja na mjomba wako."

"Umekubali mama, au umekataa?"

"Nimechoka, mwanangu. Utasikia."

Kesho yake ulimi ulikuwa mzito. Hakusema tena.

Thabiti akabonyeza simu.

"Ana," ilisema sauti ya mama. Kisha kimya.

"Ana nini?" mjomba akauliza.

"Ni hiyo tu, mjomba."

"Tu? Dada yangu alikaa na wewe mchana kutwa akasema ana?"

Niwaeleze. Thabiti ana duka la madaftari Mbinga mjini, babu zake walitoka Kilwa, na ugonjwa wake ni maneno. Alikuja kwetu mara ya kwanza kutafuta maneno ya Kinyanja cha kisiwa cha Likoma, alikozaliwa mama. "Shikamoo mama," halafu daftari. Hilo "ana" alilipenda kupita yote. Kwa Kiswahili, mtu ana kitu. Kwa Kiarabu cha madrasa, ni mimi. Kwa Kinyanja cha mama, ni watoto. Alinionyesha mistari mitatu akicheka: "Wini, mimi nachagua ya mama yako. Tupate watano!" Jamani, nilimpenda mwanamume yule.

Sasa nilimvuta nje, kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu.

"Thabiti, mengine yako wapi?"

"Nilifuta."

"Ulifuta?"

"Ndivyo ninavyofanya kazi, Wini. Simu inajaa. Namrekodi mtu, nakata neno ninalolitaka, mengine nafuta. Nilimwomba mama anitolee mfano wenye neno hilo. Akasema kwa Kinyanja, akasema, akasema. Nilidhani ni mifano."

"Kwa muda gani?"

"Kama dakika kumi."

"Mfano wa dakika kumi, Thabiti?"

Akainamisha kichwa.

"Alikuwaje alipokuwa anasema?"

"Wini, tuache."

"Nakuuliza, alikuwaje?"

"Alifuta machozi mara mbili. Akanishika kichwani."

Nikakaa chini mchangani.

"Mama yangu alilia mbele yako, akakushika kichwani, na wewe hukumuuliza, mama unasema nini?"

"Niliona nimeshapata neno."

Alilisema taratibu, na nadhani alijisikia mwenyewe, maana alianza kulia. Nami nikalia. Tulilia kila mtu na chake.

Mjomba akatoka; kumbe alikuwa mlangoni akitusikia. Nilitegemea matusi. Lakini mzee yule akavua kofia.

"Kijana, mtu hashikwi kichwani kwa ubaya. Mimi nimechoka kugombana na marehemu. Winifrida, ukimtaka, nitasimama kukuozesha."

Mlango uliofungwa miaka miwili ukafunguka hivi hivi. Thabiti akaninyooshea mkono.

"Umesikia, Wini? Twende ndani."

Nikautazama ule mkono. Ndio uliobonyeza kufuta.

"Siwezi," nikasema.

"Lakini mjomba amekubali!"

"Mjomba hana shida. Shida ni mimi. Nitakuwa nakupikia, nakufulia, na kila nikikutazama nitajiuliza mama alisema nini. Na siku nikilia mimi, utanisikiliza, au utachukua neno unalolitaka?"

Akaondoka na gari la jioni kurudi Mbinga.

Baada ya wiki akanitumia ujumbe: "Fundi amejaribu kila kitu, anasema hayarudi. Wini, nimechoma madaftari yote. Nisamehe."

Nikaandika: "Nimekusamehe. Usingechoma, mama alipenda maneno yako. Ila usije."

Akajibu: "Nikutumie basi kile kipande?"

"Tuma."

Huu ni mwezi wa nane tangu tuachane. Nakisikiliza asubuhi kabla ya kwenda kuanika usipa. Mbele ya neno, mama anakohoa kidogo. Kisha, "Ana." Halafu, ukiweka simu sikioni kabisa, unamsikia anavuta pumzi aendelee kusema. Hapo ndipo Thabiti alipokata.